Urembo Unaojishtaki: Baroko ya Pate katika Al-Inkishafi

Baroko, mtindo uliotamba Ulaya katika karne ya 17, hujulikana kwa mambo mawili yanayogombana: mapambo yanayofurika, na ukumbusho wa mauti uliopachikwa katikati ya mapambo hayohayo. Wachoraji wa Uholanzi waliweka fuvu la kichwa kando ya bilauri na matunda. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate katika pwani ya Kenya, hakuhitaji fuvu. Alikuwa na magofu ya mji wake.

Katika utenzi wake Al-Inkishafi anajenga kabla ya kubomoa. Taa zinaugeuza usiku kuwa mchana. Vyombo vya Kichina vimepangwa. Vitanda vina mito kichwani na miguuni, na udi unafukizwa. Hana haraka. Anarundika mpaka msomaji naye anatamani kulala humo. Kisha anaturudisha katika vyumba vilevile. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyowekwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Popo wananing'inia, bundi analia ndani, nyenje wanajibizana ukumbini. Nyumba ni ileile, wakazi ndio wengine, na ufundi wote umo humo. Mhubiri wa kawaida angetuambia dunia inapita, nasi tungeitikia na kusahau.

Umbo la ubeti nalo linasaidia. Katika mistari minne, mitatu ya kwanza ina kina chake, na kina hicho hubadilika kila ubeti. Wa nne hurudi kwenye kina kimoja, ‑ye, tangu mwanzo hadi mwisho. Utajiri unatamba katika mistari mitatu, halafu mlango uleule unafungwa.

Je, ukuta wenyewe wa zidaka ni baroko? Hapo nasita. Katika nyumba za mawe za Lamu, jirani ya Pate, za karne ya 18, urefu wa boriti za mikoko uliamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba ni vyembamba. Safu za zidaka huyapa macho kina ambacho chumba hakina. Kuhadaa macho ni mchezo wa baroko, kweli. Lakini nakshi za chokaa za Lamu hupenda utaratibu na marudio. Hazipindi wala hazitapatapi kama nguzo za mchongaji Bernini kule Roma.

Kuelekea mwisho, utenzi unapotaja mioto ya Akhera mmoja baada ya mwingine, naona mkono wa mshairi umelegea. Kaburi bado linatisha, kwa sababu linaubana mwili uliokuwa juu ya mito. Mioto ile ni orodha; hatujapata kukaa humo.