Kisa cha Dole Gumba la Damu: Je, Chafaa Kufundishia?

Walimu wanaofundisha habari za alama za vidole hutafuta kisa cha kuwavuta wanafunzi. Sisi hapa Kondoa tumejaribu kisa cha Mwingereza Arthur Conan Doyle, kilichotoka mwaka 1903, jina lake "The Adventure of the Norwood Builder". Tumekisimulia darasani kwa Kiswahili, na sasa twapenda kuwaeleza wasomaji wetu uzuri wake na upungufu wake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjenzi tajiri, Jonas Oldacre, atoweka usiku, na mabaki yaliyoungua yaonekana katika majivu ya kuni zake. Akamatwa kijana mwanasheria, McFarlane, kwa kuwa alikuwa mgeni wake usiku ule, naye ndiye aliyeandikiwa urithi. Baadaye polisi waonyeshwa ukutani alama ya dole gumba la damu. Walinganisha: ni la kijana hasa. Mkaguzi Lestrade afurahi, kwake kesi imekwisha. Lakini Sherlock Holmes aliukagua ukuta ule jana yake, wala hapakuwa na alama; basi imetiwa usiku, kijana akiwa kifungoni! Mwisho Oldacre aonekana yu hai, amejificha nyumbani mwake. Alikuwa amepata chapa ya dole la kijana katika lakiri walipokuwa wakifunga karatasi, akaitumia ili kumwangamiza.

Uzuri wake ni huu. Polisi wa London walianzisha ofisi ya alama za vidole mwaka 1901 tu, na mwaka 1902 mwizi Harry Jackson alihukumiwa kwa dole gumba aliloacha katika rangi mbichi ya dirisha. Watu walipokuwa wakistaajabia elimu hiyo mpya, Doyle aliuliza: alama hii imefikaje hapa, na lini? Mchunga ng'ombe wa kwetu huuliza vivyo hivyo. Afuatapo nyayo katika mchanga wa korongo, hatosheki kujua ni za ng'ombe wa nani. Hutazama kama upepo umekwisha kula kingo zake, apate kujua kama ni za leo au za juzi. Kwa hiyo wanafunzi wetu walimfahamu Holmes upesi kuliko tulivyotazamia.

Lakini upungufu upo, nao si mdogo. Katika kisa hiki kulinganisha alama ni kutazama mara moja tu, na mambo yamekwisha. Mwanafunzi aweza kudhani kazi hiyo haikosewi. Sivyo. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya Madrid, wapelelezi wa FBI wa Marekani walisema alama iliyoonekana huko ni ya mwanasheria mmoja wa nchini kwao. Alifungwa majuma mawili, hata polisi wa Hispania wakamtambua mtu mwingine, nao FBI wakakiri kosa na kuomba radhi.

Kwa hiyo twashauri kisa kisitangulie. Kwanza kila mwanafunzi na atie wino vidoleni, apige chapa katika karatasi, atafute mwenyewe tao, kitanzi na mzingo, kisha ajaribu kutambua chapa za wenzake. Akiisha kukosea mara mbili tatu, ndipo asimuliwe habari za Lestrade.

Wala jambo hili si la hadithi tu. Vijijini mwetu wako wazee wasiojua kusoma, ambao hutia dole gumba katika karatasi za shamba. Dole ni lake mzee, hapana ubishi. Lakini alisomewa nini kabla ya kulitia? McFarlane naye dole lilikuwa lake. Alama yatuambia ni nani. Haituambii alielewa nini, wala nani aliishika karatasi baadaye. Mwanafunzi atakayelikumbuka swali hilo siku babu yake atakapoletewa wino, huyo twasema amelijua somo.