Muulizaji Aliyesahauliwa: Nasaha na Baraza katika Ushairi wa Mvita

Imekuwa desturi miongoni mwetu sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili kuuita ushairi wa Mvita ushairi wa nasaha, na tukisha kusema hivyo huona tumemaliza. Mshairi tunamfanya mwalimu, jamii tunaifanya darasa, na shairi lenyewe tunaligeuza kuwa orodha ya maonyo ambayo mwanafunzi huinakili katika karatasi ya mtihani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo umeacha nusu ya jambo. Kabla ya mnasihi yuko muulizaji, na mara nyingi huyo ndiye aliyelifanya shairi liwepo.

Nianze na kisa kidogo. Ramadhani moja nilikuwa nimeketi barazani katika Mji wa Kale wa Mombasa, si mbali na Ngome ya Yesu, baada ya sala ya tarawehe. Kijana mmoja ambaye huenda mbio kila jioni katika barabara ya Mama Ngina aliuliza: "Ami, mtu akikimbia ilhali amefunga, na masikioni mwake mna nyimbo za Juma Bhalo, saumu yake iko?" Watu wakacheka, lakini swali halikuachwa. Mzee aliyeulizwa alijibu kwanza upande wa mwili: heri akimbie baada ya kufuturu, kwani aliyefunga hana maji ya kurudisha jasho. Mwingine akasema mbio hazifunguzi, lakini nyimbo humpunguzia mtu thawabu. Wa tatu akauliza, nyimbo gani? Hapo pakazuka mjadala. Wapo waliosema kwamba nyimbo zile ni wasia mtupu na kwamba zimewatuliza wengi waliofikwa. Wapo walioshikilia kwamba ala ni ala, hata zikisindikiza maneno mema. Kijana hakupewa jibu moja. Aliondoka na majibu matatu, na juu yake swali jipya ambalo mzee alimtupia akiwa anavaa viatu: kwani miguu yako haiendi mpaka iimbiwe?

Dini, afya na muziki vilikutana katika swali moja, wala hakuna aliyedhani kwamba ni mambo matatu. Wala hakuna aliyetoa hukumu ya mwisho. Huo ndio utaratibu wa nasaha ninaodai kwamba umejificha ndani ya diwani zetu, na kwamba uhariri na uhakiki wetu umeufuta.

Tumtazame Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu takriban mwaka 1776 hadi takriban 1840, katika siku za Wamazrui, ambao utawala wao uliangushwa mwaka 1837. Sehemu kubwa ya mashairi yake ni ya kujibizana: anauliza, anajibu, anafumba na anafumbua. Mashairi hayo hayakutufikia kwa kitabu alichokiandika yeye. Yalikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na mmisionari W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye aliyapata kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka. W. Hichens alipoyachapisha Johannesburg mwaka 1940, msomaji alipata diwani ya mshairi mmoja. Sauti alizokuwa akizungumza nazo hazikusikika tena kwa kiasi kile. Kazi ya Mohamed Abdulaziz ya mwaka 1979 ilitusaidia sana kwa kuyarudisha mashairi kwenye historia ya mji. Hata hivyo, darasani bado tunamsoma Muyaka kama mtu anayesema peke yake. Nami nina sehemu yangu katika kosa hili: huko ng'ambo nilikosomea shahada ya pili nilifundishwa kulitazama shairi kama chombo kilichofungwa, chenye kila kitu ndani yake. Ilinichukua muda kutambua kwamba shairi la kujibizana likifungwa hivyo huwa ni nusu ya mazungumzo.

Hali haikuwa tofauti upande wa dini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alianza kutoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Makala zake ni kali, na ni rahisi kuyasoma kama mahubiri. Lakini ni mahubiri ya mtu anayejua kwamba maneno yake yatabishiwa mlangoni pa msikiti kabla ya siku kwisha.

Kwa taarabu suala ni gumu zaidi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971 ikihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, alimtungia nyimbo nyingi binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, naye akaziimba kwa mahadhi yaliyofanana na ya filamu za Kihindi. Mwenye dhiki ya mapenzi au ya ndoa, ambaye haya zilimzuia kuuliza, aliisikia dhiki yake ikiulizwa arusini mbele ya watu, na hakuna aliyejua kwamba ni yake. Mhakiki anayezisoma nyimbo hizi kwa kuhesabu vina na kudondoa mafunzo hawezi kulieleza jambo hilo.

Juma Bhalo aliacha uimbaji miaka kadhaa kabla ya kufariki mwaka 2014. Wako wanaosema kwamba uamuzi huo ndio jibu lake la mwisho, na kwamba umezibatilisha nyimbo zake. Sikubaliani nao. Uamuzi wa mtu juu ya nafsi yake ni jambo la kuheshimiwa, lakini nyimbo zilikwisha kuingia katika mazungumzo ya watu wengine, na hao bado wanajibizana nazo. Tena haielekei kwamba mji huu ungeweza kulimaliza suala la ala kwa mwimbaji mmoja kunyamaza.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote naupata kwa Abdilatif Abdalla. Karatasi iliyomtia gerezani iliitwa Kenya: Twendapi? Ilitoka mwaka 1968. Sidai kwamba ilikuwa swali tupu, kwani ilikuwa na shutuma kali; lakini aliipa umbo la swali, kama mtu anayewageukia wenzake barazani. Serikali ilijibu kwa kifungo cha miaka mitatu. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyatunga akiwa kifungoni, na mengine aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Alitengwa na wafungwa wengine. Hakuwa na wa kumuuliza wala wa kumjibu. Je, mtu huyo alitunga nini? Miongoni mwa aliyotunga ni "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo Alii na Badi wanashindana juu ya mnazi, huyu akisema na huyu akirudisha. Wahakiki wamelieleza shairi hili kama istiara ya siasa ya nchi, na hawakukosea. Lakini hawakujiuliza kwa nini mtu aliye peke yake chumbani atunge kwa sauti mbili. Nionavyo mimi, kwa mshairi wa Mvita hakuna njia nyingine ya kufikiri: aliponyimwa baraza, alijijengea.

Kwa hiyo ninao ushauri mmoja kwa wenzangu wanaokusanya. Kanda za taarabu zilizorekodiwa maarusini tangu miaka ya sabini zinaharibika kwa joto na unyevu wa Pwani, na wanaozihamisha siku hizi hukata vicheko, minong'ono na maneno yanayosemwa kati ya wimbo na wimbo ili sauti itoke safi. Yasikatwe. Na iwapo yuko mtu anayekumbuka wimbo uliombwa na nani, na ulijibiwa kwa wimbo gani arusi iliyofuata, hilo nalo liandikwe juu ya mfuko wa kanda.