Thor hawezi kuvuka Kavimvira na miguu mikavu



Mtoto wa dada yangu ni fundi wa montaji. Ana kompyuta moja ya zamani yenye Photoshop, na wateja hawakosi: bwana harusi anayetaka kuonekana amesimama Paris, mama anayetaka marehemu mume wake awemo kwenye picha ya kipaimara. Juzi aliniletea kazi mpya, ile anayoiita sanaa kabisa. Ni Thor, mungu wa radi wa watu wa Ulaya ya kaskazini, anaelea juu ya Kavimvira na nyundo mkononi. Chini yake ni maji ya mwaka 2024, ziwa lilipopanda likaingia ndani ya nyumba za watu. Maji hayo aliyapiga picha yeye mwenyewe, kwenye barabara ya kwenda mpakani.

"Mjomba, unaionaje?"

Nikamwambia iko safi. Halafu nikakaa nayo siku mbili, nikaona nimemdanganya. Basi leo niseme vizuri.

Kwanza, mkono wake ni mzuri. Mwanga wa radi unaanguka juu ya maji kutoka upande uleule unaoangukia uso wa Thor. Hiyo si kazi ndogo. Wala sina ugomvi na hadithi za wageni. Hadithi haiombi viza. Shida ni kwamba huyu Thor ametoka kwenye sinema, hakutoka kwenye hadithi. Katika mashairi ya kale ya Iceland, yaliyoandikwa karne ya 13, kila siku Thor anavuka mito kwa miguu, ndani ya maji, kwenda kuamua kesi chini ya mti wao mkubwa, kwa sababu daraja la miungu linawaka moto. Mungu mzima, anakunja suruali! Sasa nani anamfahamu mtu kama huyo kuliko sisi tuliopita pale Kavimvira viatu mkononi na mtoto mgongoni? Kijana alikuwa na picha kamili ndani ya hadithi, akaiacha, akatuletea mtu ambaye miguu yake haijaguswa na tone.

Pili, mshono. Amejitahidi sana tusione pale picha mbili zilipokutana. Hapo ninamkumbuka Sammy Baloji wa Lubumbashi. Katika mfululizo wake wa Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua wafanyakazi kutoka picha za wakati wa mkoloni, zisizo na rangi, akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa, alivyovipiga yeye mwenyewe kwa rangi. Mshono hakuuficha hata kidogo. Na ni palepale kwenye mshono ndipo unasoma: hawa ndio waliojenga, hiki ndicho kilichobaki. Ukiufuta, miaka yote iliyo katikati inapotea.

Lakini Baloji naye ninamdai kitu. Picha zile hazina majina, zina namba tu. Inawezekana ndiyo hoja yenyewe: mkoloni alihesabu mikono, hakuhesabu watu. Hata hivyo anayetazama anaondoka akimjua Baloji, mfanyakazi hamjui.

Mbona ninaandika yote haya? Ni juu kijana ameniomba kitu. Anataka kutengeneza nyingine, na mahali pa Thor aweke babu yake, yaani baba yangu mimi. Picha ya baba imebaki moja tu. Nyingine zote zilikwenda na mafuriko ya Aprili 2020, tulipokuwa bado tunaishi kando ya mto Mulongwe. Hii moja ina doa la matope shavuni, na mpaka leo sijawahi kuitoa ndani ya nyumba.

Jana nimempa. Nimeweka masharti matatu: doa asilifute, babu asimame ndani ya maji mpaka magotini, na jina lake liandikwe chini, lote.

Akaniuliza kama nyundo inaweza kubaki. Nikamwambia ibaki. Mzee alikuwa fundi wa mbao. Nyundo ni yake kwa haki.