Ugeuzaji wa Kimyakimya: Kanuni za Namba za Java katika Mizani ya Busia na Tororo

Sifa kuu ya lugha za programu zenye aina tuli ni kwamba kompaila hukamata kosa kabla programu haijaendeshwa. Java, iliyotangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995, hujinasibu kwa sifa hiyo. Hata hivyo, kanuni zake za kugeuza namba bila tamko huidhoofisha, na mpaka wa Kenya na Uganda huifichua kasoro hiyo kuliko mifano ya vitabuni.

Busia hukutanisha shilingi mbili, na ile ya Uganda hudai tarakimu nyingi zaidi kwa thamani ileile. Na ichukuliwe ankara ya kubuni ya saruji ya Tororo: mifuko 70,000 kwa shilingi 35,000 za Uganda kila mmoja. Bei na idadi zikiwa za aina ya int, yenye biti 32, na jumla ikitangazwa kuwa long, yenye biti 64, msomaji wa msimbo huamini kwamba nafasi inatosha. Haitoshi. Java huzidisha kwanza katika biti 32, ambazo kikomo chake ni 2,147,483,647, ndipo huligeuza jibu lililokwisha kuharibika. Badala ya 2,450,000,000 hupatikana −1,844,967,296, na kompaila haitamki neno. Ankara hiyohiyo kwa shilingi za Kenya ingepita salama. Kwa hiyo majaribio ya upande mmoja wa mpaka hayathibitishi lolote kuhusu upande wa pili.

Ugeuzaji wa int kuwa float ni wa hila zaidi. Float hubeba biti 24 tu za usahihi, hivyo 16,777,217 huwa 16,777,216. Waandishi wa kanuni wanakiri upotevu huo, na bado wanauita upanuzi! Nayo alama ya += hukata desimali bila kuuliza: salio la int la shilingi 500 likiongezewa 0.75 hubaki 500. Mbadilisha fedha wa mpakani angalau hutaja kiwango kabla ya kupokea noti.

Hoja ya wepesi wa uandishi haina uzito hapa, kwani Go na Rust hudai tamko na bado zinatumika sana. Java yenyewe ina Math.multiplyExact tangu toleo la 8 la mwaka 2014, lakini kinga hiyo humfaa tu aliyekwisha kushuku hatari. Wanaoandaa zabuni za mifumo ya malipo ya mpakani waitaje kwa jina, pamoja na BigDecimal kwa senti, na wadai majaribio kwa viwango vya shilingi ya Uganda.