Usiisifu Injini ya Beetle Kabla Hujalala Chini Yake

Juzi nilikuwa kwenye onyesho la magari ya zamani, nikawakuta watu wazima wameizunguka Volkswagen Beetle moja, wanaisifu hadi mwenyewe hajui aweke wapi uso. Nyumba ya feni imetiwa kromu. Mabati yamepulizwa rangi nyekundu. Waya za plagi ni za buluu na kila nati inang'aa. Kijana aliyeifungua na kuifunga injini hiyo nyumbani kwa baba yake akapewa mkono na kila mtu, wakamwita fundi. Nikainama kutazama pale waya za plagi zinapopenya bati, nikaona matundu yote manne yako wazi, hakuna raba hata moja. Kwa ajili ya umati nikalimeza neno langu. Hapa nalitema.

Injini ile itaungua. Haitaungua pale uwanjani, wala kijana akienda nayo dukani. Itaungua siku amepakia ndugu zake wanne, anapanda mwinuko wa Mai Mahiu saa nane mchana, gia ya pili, mguu wote kwenye mafuta.

Na kijana sina ugomvi naye. Gari la kwanza mtu hulipenda, na anayelipenda hulipamba. Ugomvi wangu ni na wanaojiita wajuzi wakaishia kwenye rangi. Beetle limekuwa gari la kwanza la watu wengi kwa sababu linakubali kutengenezwa nyumbani: unafungua bolti nne, unaweka jeki, unamwita jirani mmoja, na injini ya zaidi ya kilo 100 iko sakafuni. Kuitoa ni rahisi, na hapo ndipo watu wanapodhani kuifunga nako ni rahisi.

Injini hii haina rejeta wala tone la maji. Inategemea hewa, na hewa haiendi inakotakiwa mpaka ielekezwe. Feni inaivuta kutoka chumba cha injini na kuisukuma chini, ipite kwenye mapezi ya silinda, itokee chini ya gari ikiwa ya moto. Ndiyo maana kila bati, kila raba na kila skrubu ya bati ina kazi. Tundu la plagi lisilo na raba linavujisha hewa ambayo ingepoza kichwa. Raba ya ukingoni, ile inayoziba nafasi baina ya injini na bodi, ikikosekana au ikikauka, joto la ekzosi hupanda juu, feni ikalivuta, na injini ikapozwa kwa hewa iliyokwisha kuchemka.

Lakini hayo yote mtu mwenye macho anaweza kuyaona akiwa amesimama. Asiloliona kamwe mtu wa nje ni mabati mawili madogo yanayokaa chini ya silinda, moja kila upande wa injini.

Silinda za Beetle zimelala, mbili kulia, mbili kushoto. Hewa ikishuka juu yake hutafuta njia fupi, na njia fupi ni ule mwanya ulio kati ya silinda na mwenzake. Ukiiachia, inapita hapo moja kwa moja, inapoza mgongo wa silinda na kuliacha tumbo likiungua. Bati la chini linaziba mwanya huo na kuilazimisha hewa izunguke, ikumbatie silinda pande zote kabla ya kutoka. Bila bati, upande wa juu wa silinda una joto lake na wa chini una lake, silinda inapinda, ringi hazikai sawa, oili inaanza kuliwa. Mwenye gari anaona moshi, anaambiwa anunue ringi mpya. Anafunga ringi mpya kwenye silinda zilezile bila bati, na baada ya msimu mmoja anarudi palepale.

Kwa nini yanaachwa? Kwa sababu ya utaratibu wa kufunga. Bati hilo linabanwa kwenye stadi za silinda kabla ya mabomba ya pushirodi na kabla ya kichwa. Fundi akishafunga kichwa, akakaza nati zote, ndipo akaona vibati viwili vimebaki juu ya turubai, ana njia mbili tu: afungue kichwa tena, au avitupe. Hapo ndipo utamjua fundi na asiye fundi. Vingine vipo lakini havifanyi kazi, hasa vile vyembamba vya kuiga vinavyouzwa siku hizi, ambavyo vinaning'inia na kupiga kelele. Bati la asili hushika stadi kama kibanio cha nguo, na ukiligonga kwa ukucha halichezi.

Nilimfahamu mzee mmoja wa Makupa, Mombasa, aliyezifunga injini hizi uani kwake chini ya mwembe. Mabati ya chini aliyatundika kwenye msumari juu ya mlango wa chumba alichohifadhi vichwa vya silinda, ili asiweze kuchukua kichwa bila kuyaona. Mteja akimletea injini isiyo nayo hakuigusa. "Mwanangu, nenda kayatafute," alimwambia, "injini itakungoja." Wengine walikasirika wakaenda kwa mafundi wengine. Nati ya flaiwili, ambayo hutaka nguvu ya kilo 30 kwa mita moja, aliikaza bila spana ya toki. Aliifunga flaiwili isizunguke, akalaza bomba la chuma kwenye spana, akapima sentimita 60 kutoka katikati ya nati, akatundika hapo mfuko wa simenti wa kilo 50. Mfuko ukitulia na bomba likiwa limelala sawasawa, kazi imekwisha. Pigeni hesabu wenyewe, ni kilo 30 kwa mita kamili. Leo mtu ananunua spana ya toki ya bei ghali na nati hiyohiyo anaigonga kwa nyundo na tindo.

Na walaghai niliwaona. Yupo mmoja Nairobi aliyesifika kwa injini "zisizosikika". Siri yake ilikuwa kubana tapeti hadi zisiwe na nafasi, kisha kumwaga oili nzito. Injini ilinyamaza kweli, na mnunuzi akalipa kwa furaha. Injini za 1300 hadi 1600 hutaka nafasi ya milimita 0.15, ikipimwa asubuhi injini ikiwa imelala usiku kucha, na kwa nafasi hiyo lazima tapeti zisikike kidogo. Valvu iliyobanwa haikai kitini, na joto lake halipati pa kwenda. Ya ekzosi kwenye silinda namba tatu ndiyo hufa kwanza, kwa kuwa katika injini za kabla ya 1971 kipozea oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni, juu ya silinda hiyo, kinaikatia hewa. Mimi Beetle lililonyamaza kabisa silinunui.

Mengine nayataja kwa ufupi. Shika puli ya krankshafti kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa, uivute na kuisukuma. Ukisikia tok, tok, kesi imelika na kromu haitakusaidia. Nafasi halali ni milimita 0.07 hadi 0.13, na hupangwa kwa washa tatu nyuma ya flaiwili, si mbili wala nne. Tazama nati sita za sahani ya chujio la oili: zikiwa zimeliwa kona, aliyezifunga hana subira, na asiye na subira huko chini hakuwa nayo huko ndani. Silikoni iliyofura kwenye maungio ya kesi ni aibu. Inayoonekana nje ina nduguye ndani, na huyo wa ndani atakatika aende kuziba chujio. Thamostati iwepo, hata Mombasa, pamoja na vibawa vyake, maana ndivyo vinavyoigawa hewa. Na mabati ni meusi. Hakuna rangi nyingine ya mabati ya injini ya Beetle.

Nikumbushe pia kwamba gari hili halikuwa pambo. Vic Preston alishinda mbio za magari za Safari nalo mwaka 1954, Gus Hofmann mwaka 1957, na Tommy Fjastad mwaka 1962, enzi ambazo mbio zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na tope. Magari hayo yalifika yakipozwa kwa hewa tu. Walimu na makarani walisafiri nayo hadi kwao mashambani wakiwa na watoto na kuku, na kila mji ulikuwa na fundi aliyejua bati lipi linakaa wapi hata gizani. Wale wanapungua kila mwaka, na maarifa yao hayamo kwenye makopo ya rangi.

Kiwanda cha Puebla, Mexico, kilitoa Beetle ya mwisho Julai 2003, kwa hiyo bati zuri la asili sasa linapatikana kwenye injini kuukuu zilizotelekezwa. Ukiiona injini hiyo kwa muuza vyuma chakavu, acha kabureta, acha dainamo, ng'oa mabati ya chini kwanza.

Ukitaka kuhukumu kazi ya mtu, chukua tochi na kioo kidogo, lala chini ya gari, mulika juu ya mabomba ya pushirodi, katikati ya silinda. Ukiona bati limebana, simama umpe mkono aliyeifunga, hata kama nje injini ina kutu. Ukiona mwanya, mwambie afungue kichwa upya kabla hajalipeleka gari mlimani.