Pua Iliyoinama: Jagdpanzer 38 na Lori la Mwale

Kwa kipimo cha 1:35, gari la Kijerumani la kuwindia vifaru liitwalo Jagdpanzer 38, ambalo wengi hulijua kwa jina la Hetzer, lina urefu wa milimita 182 pamoja na mzinga, upana wa milimita 75 na kimo cha milimita 62. Fundi wa mifano akivipata vipimo hivi vitatu, kazi yake huitwa sahihi. Navithamini vipimo hivyo, kwa sababu mfano uliokosea upana umekosea kila kitu kinachokaa juu yake. Lakini umbo la gari hili halikuzaliwa na rula. Lilizaliwa na uzito, upungufu na haraka, na mfano unaozificha nguvu hizo tatu, hata ukipimwa nywele kwa nywele, bado haujasema kweli juu ya kitu unachokiiga.

Mnamo Novemba 1943 mabomu ya Washirika yaliharibu kiwanda cha Alkett mjini Berlin, kilichokuwa kikitengeneza magari ya StuG III. Wajerumani wakakigeukia kiwanda cha BMM mjini Prague, katika nchi ya Wacheki waliyoikalia. StuG ilikuwa na uzito wa tani 24 hivi, na winchi za Prague hazikuweza kuinua mzigo huo. Basi likabuniwa gari dogo zaidi, juu ya misingi ya kifaru cha Kicheki kilichokwisha kupitwa na wakati. Januari 1944 wakaguzi walionyeshwa mfano wa mbao wenye ukubwa kamili. Aprili mwaka huohuo magari ya chuma yakaanza kutoka, na hadi Mei 1945 BMM na Škoda ya Plzeň walikuwa wametoa zaidi ya 2,800. Kwa hiyo uzito wa tani 15.75 haukuchaguliwa na majenerali peke yao. Winchi nazo zilikuwa na kauli.

Ushahidi wa kwanza uko usoni. Bamba la mbele lina unene wa milimita 60, nalo limelazwa nyuzi 60 kutoka wima. Risasi inayokuja sambamba na ardhi hulazimika kupita kwenye chuma cha milimita 120. Mteremko umefanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na chuma mara mbili, na chuma hicho ndicho ambacho gari jepesi lisingeweza kukibeba. Kwenye mfano unene huo ni milimita 1.7 tu, na hakuna atakayeuona bamba likishagundishwa. Kinachoonekana ni pembe. Fundi akiikosea pembe kwa nyuzi chache, ameiondoa hoja nzima ya gari, kwa kuwa hapo unene na ulalo ni jambo moja lililogawanywa sehemu mbili.

Ligeuze sasa ulitazame ubavuni. Bamba lina milimita 20, yaani kama nusu milimita kwenye mfano. Mbele ni ngome. Ubavuni ni ukuta wa kuzuia risasi za bunduki na vipande vya mabomu, basi. Umbo linakiri wazi kwamba limejengwa kwa kumtazama adui uso kwa uso, likiwa limejificha, likisubiri. Halina mnara unaozunguka. Mzinga wa milimita 75 umepitishwa kwenye bamba lenyewe, nao huweza kugeuzwa nyuzi 5 tu kushoto na 11 kulia. Adui akipita nje ya nafasi hiyo finyu, dereva hana budi kuligeuza gari zima, na hapo ule ubavu mwembamba hujitokeza. Kila faida ya umbo hili imeunganishwa na hasara yake kwa mshono uleule.

Mzinga wenyewe haukai katikati. Umesogezwa kulia kwa sentimita 38, ambazo kwenye mfano ni milimita 11 hivi, na hiki ndicho kipengele ninachokitazama kwanza ninapoupima ustadi wa fundi. Jicho hupenda ulinganifu, na ukitazama kwa haraka unaweza kudhani mzinga umepotoka kwa bahati mbaya. Haukupotoka. Dereva, mlenga shabaha na mpakia risasi walihitaji kukaa upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake, ndipo mzinga ukasukumwa kulia kuwapisha. Nao ulikuwa umebuniwa kupakiwa kutoka kulia. Mpakia risasi, akiwa kushoto, alifanya kazi yake kinyume na maumbile ya silaha yake. Kamanda naye aliachwa peke yake nyuma upande wa kulia, ametengwa na wenzake na kitako cha mzinga. Hayo yote hayaonekani milango ya paa ikifungwa, ila sentimita 38 zile zinabaki nje kama ushahidi wa watu wanne waliosongamana ndani.

Na kuna kuinama kwa pua. Chuma cha mbele na mzinga mzito vililemea magurudumu ya mbele, na magari ya mwanzo yalisimama yakiwa yameshuka mbele kwa kiasi kinachokaribia sentimita 10. Baadaye springi za mbele zikaongezwa unene, kutoka milimita 7 hadi 9 kwa kila kipande. Kwa mfano wa gari la mwanzo, kushuka huko ni karibu milimita 3. Hapa plastiki haimsaidii fundi hata kidogo. Kimahesabu, gari la tani 15.75 likipunguzwa mara 35 kwa urefu, upana na kimo lingepaswa kuwa na uzito wa gramu 370 hivi. Plastiki tupu iliyo wazi ndani haifikii hapo, wala springi zake hazipindiki. Mfano ukiachwa ulivyo, husimama bapa, kama gari lisilobeba kitu. Fundi hana budi kuikata mikono ya magurudumu na kuigundisha upya ili pua ishuke. Anauiga uzito kwa kuuchonga. Nauona uamuzi huo kuwa tendo la kihakiki hasa, kwa sababu hauwezekani bila kujua kwa nini gari lilisimama vile.

Haraka nayo imeandikwa kwenye gurudumu la nyuma, lile linalokaza mnyororo. Mwanzoni lilitobolewa matundu 12, kisha 8, kisha 6, mwishoni 4. Kila tundu lililoachwa ni dakika za mfanyakazi zilizookolewa, na mashine iliyoachiwa kazi nyingine. Hivyo msomaji mzuri wa umbo hili anaweza kukisia majira kwa kuhesabu matundu, ingawa kwa tahadhari, maana vipuri vya zamani viliendelea kutumika kando ya vipya. Fundi akiweka gurudumu la matundu 12 kwenye gari lenye vipengele vyote vya masika ya 1945 ametengeneza gari lenye miaka miwili mwilini.

Hatari kubwa zaidi hutoka makumbusho. Baada ya vita Uswisi ilinunua kutoka Škoda magari 158 ya umbo hilohilo, yakaitwa G-13, na mengi ya yale yanayoonyeshwa leo kama Hetzer ni hayo. Waswisi walibadilishanisha nafasi za kamanda na mpakia risasi, wakalirekebisha kosa nililolitaja, na mdomo wa mzinga wakautia kipunguza-msukumo. Mtu akienda na tepu ya kupimia, akapima kila kitu bila kukosea, anaweza kurudi nyumbani na vipimo kamili vya gari ambalo halikupigana vita vile.

Ajabu ni kwamba hata kipimo cha 1:35, ambacho leo mafundi hukishika kama sheria, hakikuanzia kwenye hesabu. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukubwa wake ulipangwa ili mota na betri ziingie ndani. Kipimo kilikuja kujulikana baadaye. Mama wa usahihi wote huu alikuwa mfano ulioundwa kwanza utembee.

Jambo hilo linanirudisha Maniema ya kusini, huko Kongo, ambako mifano hujengwa kwa kuanza na mwendo. Mtoto wa Kasongo au Kabambare anayetaka lori huchukua bua la kuti la mwale, jepesi na rahisi kukatwa kwa kisu, au waya alioupata mahali, na soli za kandambili kuukuu huzikata kuwa magurudumu. Kisha hufunga fimbo ndefu yenye usukani juu, ili aliendeshe akiwa amesimama. Wako watakaosema huo ni mchezo, si mfano. Nakataa. Litazame lori hilo kwa umakini uleule tuliolitazamia gari la Prague. Magurudumu ni makubwa kupita kiasi, kichwa ni kidogo, na sehemu ya mzigo imerefushwa na kuinuliwa. Kwa rula, ni makosa matupu. Lakini kwa mtu aliyesafiri kwenye barabara za huku wakati wa mvua, malori yakiwa yamejaa magunia na watu juu ya magunia, uwiano huo ni maelezo. Lori ni mzigo kwanza, gurudumu la kushinda tope la pili, dereva wa tatu. Mtoto amepima umuhimu akaacha milimita. Naye amehifadhi kile ambacho plastiki ya gramu chache hukikosa: lori lake likitiwa mchanga, mhimili wake hupinda kwelikweli.

Sisemi lori la mwale ni bora kuliko Hetzer ya 1:35. Haliwezi kutaja mwezi lilipotengenezwa gari linaloliiga, wala kuonyesha kwamba mtu fulani alipakia kwa mkono usiofaa. Kila moja limechagua linachokihifadhi, na mhakiki anayelipima moja kwa rula ya jingine hajaliona lolote.

Kifaru chenyewe si sura ambayo watu wa Kasongo wanaikumbuka sana. Vita vya 1996 na vya 1998 vilipofika Maniema vilitembea zaidi kwa miguu. Hata hivyo mkoa huu umo katika historia ya magari yale, tena kwa njia inayomhusu fundi moja kwa moja. Japani ilipoiteka Malaya na Singapore mwanzoni mwa 1942, Washirika walipoteza chanzo kikubwa cha bati, na migodi ya Kongo, ikiwemo ile ya Kalima, ikabanwa itoe zaidi. Mwaka huohuo utawala wa Wabelgiji uliongeza siku za kazi za lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Bati hilo ni ndugu wa lile linalochanganywa leo katika waya wa kulehemu, ambao fundi huutumia kuunganisha vipande vya shaba vya mfano wake. Kailo nako kulichimbwa wolframite, madini ya wolframu, chuma kizito kilichofanywa kiini cha risasi za kutoboa vifaru.

Ujerumani haikuwa na wolframu ya kutosha. Iliitafuta Ureno na Hispania, na kadiri vita vilivyoendelea iliyobaki ilihifadhiwa zaidi kwa mashine za kukatia chuma viwandani. Madini ya Kongo yalikuwa upande wa pili, kwa Washirika. Kwa hiyo anayejenga Jagdpanzer 38 ya mwishoni mwa 1944 na kuacha milango ya paa wazi, ili rafu ya risasi 41 ionekane, ana swali la kujibu kabla hajashika brashi: zilikuwa risasi gani? Wengi huzipanga za kiini cha wolframu kwa wingi, kwa kuwa zina umbo la kuvutia na zimo ndani ya kisanduku cha vipande vya mfano. Rafu ya kweli ilijaa risasi za kawaida za chuma na zile za mlipuko, na zile za wolframu, kama zilikuwepo, zilikuwa chache mno. Kosa hilo haliwezi kugunduliwa kwa rula. Linagunduliwa na mtu anayejua nani aliyekuwa na madini ya Kailo mwaka ule, na kwa mashindano ya mifano ambayo ningeyasimamia mimi, lingekatiwa alama sawa na pembe ya bamba la mbele iliyokosewa.