Nelson hana sura yake

Wandugu wasomi, leo sitaandika juu ya mbolea wala juu ya bei ya mahindi. Nimemaliza kusoma riwaya moja inayotuhusu, na siwezi kunyamaza. Mwandishi ni Mmarekani, Barbara Kingsolver. Aliitoa mwaka 1998 kwa jina The Poisonwood Bible. Wanaosoma Kifaransa wanaijua kama Les Yeux dans les arbres. Ng'ambo kuna watu wengi ambao kitu cha kwanza walichojua juu ya Kongo walikipata mu kitabu hiki. Siye wenyewe, wachache tu tumekifungua. Njo maana ninataka tukiongee.

Kwa kifupi: mwaka 1959, mchungaji Mbatisti anaitwa Nathan Price anaacha Georgia, Marekani, na kuja na bibi yake Orleanna na mabinti wanne: Rachel, mapacha Leah na Adah, na kitinda mimba Ruth May. Wanafika Kilanga, kijiji cha kubuniwa ambako watu wanasema Kikongo. Mchungaji anataka kuokoa roho, na hasa anataka watoto: wateremke mtoni, awazamishe, wabatizwe. Uhuru unakuja, Lumumba anauawa, na familia inavunjika.

Mimi nilisoma agronomi, kwa hiyo nianze na shamba. Mchungaji ameleta mbegu kutoka kwao: maharagi, maboga na nyingine. Anataka kuonyesha wenyeji namna ya kulima ili watoto wao wasilale njaa. Nia si mbaya. Analima udongo tambarare, sawa vile kwao Georgia. Mama Tataba, anayesaidia kazi za nyumba, anamwambia apandishe matuta. Hasikii. Mama anapandisha yeye mwenyewe, mchungaji anasawazisha tena. Mvua moja kubwa inakuja, inabeba mbegu zote. Tena mama huyo huyo alimwonya asiguse mti fulani wenye utomvu mbaya. Akaugusa. Akavimba mikono na macho.

Kila aliyelima hapa kwetu anajua kwamba tuta si pambo. Mvua yetu inaanguka kwa nguvu na kwa muda mfupi. Bila tuta maji yanasimama ao yanakimbia na udongo. Mama Tataba hakuwa na diploma, lakini alikuwa na vipimo vya miaka mingi mikononi mwake. Hapa Kingsolver ameona vizuri kabisa, na ameonyesha bila kuhubiri.

Lakini mbele kidogo ninamkatalia. Baadaye mchungaji anakubali matuta, mimea inaota, inatanda, inachanua, na haizai hata kitu. Maelezo tunayopewa: wadudu wa Afrika hawayajui maua ya Amerika, hakuna wa kubeba chavua. Ni picha nzuri kwa mhubiri wa kigeni asiyezaa matunda. Kwa agronomi haisimami. Haragi la kawaida halingoji mdudu: ua lake linajichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijafunguka. Likikataa kuzaa kwenye bonde la joto, tafuta kwanza usiku wenye joto, ambao unaangusha maua. Njo sababu haragi linapenda milima ya Kivu kuliko misitu ya chini. Na maboga, ni kweli, yanahitaji nyuki. Sasa nani alisema Kongo haina nyuki wa maboga? Mbika tunayosaga na kufunga mu majani, si mbegu za jamii ya maboga?

Mtanisema ninatafuta makosa madogo mu kitabu kikubwa. Hapana. Kosa hili linabeba wazo zima. Wazo lenyewe ni hili: udongo wa Kongo unakataa cha mgeni. Linatupendeza juu linatupa heshima ya kukataa. Lakini si kweli. Muhogo ulitoka Amerika; Wareno waliuleta pwani ya Kongo karne ya 16. Mahindi yalitoka Amerika. Haragi vilevile. Leo ukiondoa fufu na maharagi mu sahani ya Mkongo, utabakiza nini? Mimea hiyo ilizaa juu ilipita mikononi mwa watu wa hapa. Mama fulani alijaribu kijiti cha muhogo kando ya nyumba, akatupa kichungu, akabakiza kizuri, akajifunza kuuloweka ili sumu itoke, akampa jirani. Mbegu ya kigeni inazaa pale mwenyeji anapokuwa na haki ya kuichagua, kuigeuza, na hata kuikataa.

Na Injili ilikwenda njia hiyo hiyo. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba mwaka 1921, mu nchi ya Wakongo. Wabelgiji walimfunga, akafia gerezani Élisabethville mwaka 1951. Mwisho wa mwaka 1959, mwaka ule ule ambao mu riwaya familia ya Price inashuka ndege, Kanisa la Kimbangu lilipata ruhusa ya serikali ya kikoloni. Kwa hiyo swali la Kilanga halikuwa kama watu wanaweza kuamini. Swali lilikuwa: nani anashika jembe?

Sasa tuje kwa watoto, juu njo kiini cha kitabu.

Mchungaji Price anawahesabu. Anakasirika wazazi wanapokataa mto, anaita ile ukaidi wa wapagani. Ukweli anaambiwa na Mama Tataba, siku anapoiacha kazi: mwaka uliopita, mamba alikula mtoto wa kike pale pale mtoni. Wazazi hawakumkataa Yesu. Walikataa mamba. Jaribu kufikiri miezi yote ile ya mahubiri, na hakuna hata siku moja ambapo mchungaji aliuliza mzazi mmoja: baba, kwa nini?

Hata nyumbani kwake haoni. Ruth May anapewa dawa ya malaria, anaibandika ukutani nyuma ya kitanda kidonge kwa kidonge, na mtu anakuja kugundua wakati homa imekwisha kumlaza. Aliyekuja kuokoa watoto wa wengine hajui yule wa kwake anameza ao hamezi.

Na hapa njo ninataka mumwangalie Nelson. Ni kijana yatima, mwanafunzi wa mwalimu Anatole, anayekuja kusaidia kazi kwa familia ya Price. Leo tungemwita mtoto wa mazingira magumu. Picha yake ingewekwa kwenye karatasi ya kuomba msaada. Tazama anafanya nini. Anaeleza wasichana hawa mambo ya kijiji ambayo baba yao hayajui. Anamwona Ruth May mgonjwa, anampa kisanduku kidogo cha kibiriti chenye kifupa cha kuku ndani, ili roho yake ipate mahali salama pa kukimbilia siku ya hatari. Mnaweza kucheka hirizi. Mimi sikucheka. Mu nyumba ile yatima ndiye aliyefikiri juu ya kifo cha mtoto mdogo, akampa alichokuwa nacho. Sasa nani ni misionari, na nani ni mtoto wa kusaidiwa?

Ruth May anakufa kwa nyoka aliyewekwa mu nyumba ya kuku. Watoto wa kijiji aliocheza nao wanakuja kumlilia, mvua inaanza, na mchungaji anapita akiwabatiza kwa maji ya mvua. Maiti ya binti yake iko pale. Ninakiri kwamba nilifunga kitabu, nikatoka nje. Kingsolver hajaandika mahali pengine pazuri kuliko hapo. Baadaye sana mabinti wanasikia habari za mwisho za baba: alibaki na wazo lake la mto, watoto mu mtumbwi wakapatwa na mamba, na watu wakamuua kwa hasira.

Lakini angalieni namna kitabu kilivyojengwa. Wanaosimulia ni watano: Orleanna na mabinti wake. Nathan hapewi neno, na hiyo ni adhabu nzuri. Alikuwa amesema vya kutosha. Mama Tataba pia hapewi. Anatole hapewi. Nelson, aliyekuwa karibu kuliko wote, hana sura hata moja. Mu Kilanga unapita ugonjwa wa kuhara, watoto wengi wanazikwa, na msomaji hawajui kwa majina yao. Ruth May anakufa, na kitabu kizima kinasimama.

Wengine watamtetea mwandishi: aliogopa kusema kwa niaba yetu. Aliishi Kongo akiwa mtoto, wazazi wake wakifanya kazi ya afya, na alijua macho yake ni ya mgeni. Ninakubali ni unyenyekevu. Ila matokeo ni kwamba Kongo inabaki kuwa mahali ambapo familia ya Marekani inakuja kujuta. Kujuta kwao ni kwa kweli, kumeandikwa vizuri, kunagusa. Lakini ni kwao. Kurasa nyingi za mwisho ninamsikia Orleanna akiomba msamaha kwa mtoto wake, na ninajiuliza Nelson naye yuko wapi saa hii, na nani alimwomba msamaha.

Isisemwe kwamba hakuna mgeni aliyeweza kufanya vingine. Mwaka 1904, Baringa, mu eneo la kampuni ya mpira ABIR, baba mmoja anaitwa Nsala alifika kwa wamisionari akibeba kifurushi cha majani. Ndani yake kulikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, wa miaka mitano. Alice Seeley Harris, aliyekuja Kongo na mumewe John kwa kazi ya Injili, alimpiga picha akiwa ameketi anaangalia masalio yale. Picha ile ilionyeshwa Uingereza na Marekani mu mikutano ya kupinga utawala wa Leopold wa Pili. Si kila kitu walichofanya wamisionari wale nitakisifu. Lakini Nsala ndiye aliyekuja na ushahidi, alisikilizwa, na mpaka leo jina lake na la mtoto wake tunayajua. Linganisha na picha za watoto zinazozunguka leo, anacheka ama analia, na chini hakuna jina.

Ningeweza kuishia hapa, tupige makofi kwa kuwalaumu wazungu. Sitaweza, juu nami nina Kilanga yangu. Wakati wa staji nilitumwa kwenye kituo cha watoto yatima kwenye mlima, kilichoanzishwa na familia moja ya Wakristo kutoka ng'ambo. Watu wema, walikula tulichokula. Kazi yetu wanafunzi wa agronomi ilikuwa kuleta haragi lile refu linalopanda, juu linazaa mingi kuliko la chini. Siku ya kwanza kijana wa miaka kama kumi na miwili aliuliza: "Enjenyeri, miti ya kusimikia tutatoa wapi?" Tulicheka kidogo, tukaendelea. Karatasi yetu ilikuwa na mstari wa mbegu, wa mbolea, wa majembe. Mstari wa miti hapana. Haragi likaota, likataka kupanda, na watoto wakaenda kukata miti michanga ya jirani. Jirani akaja na panga. Mapatano yalilipwa na kituo, na msimu uliofuata walirudia haragi lao fupi.

Hatukuwa wazungu sisi. Tulikuwa Wakongo, tulisema lugha moja na yule kijana, na bado hatukumsikia. Mu ripoti yangu ya staji niliandika "uhaba wa miti ya kusimikia". Sikuandika kwamba mtoto alituambia mapema.

Kwa hiyo someni kitabu hiki, hata kwa kugombana nacho. Kinaonyesha vizuri mtu anayependa watoto kwa idadi yao. Kimekosea kufikiri kwamba udongo wetu ndio uliomshinda. Kilichomshinda ni masikio yake, na masikio kama yale yanapatikana pia mu fakilte zetu. Mwaka huu wengi wenu mtaajiriwa kwenye maproje ya watoto, ya kanisa ao ya mashirika. Karatasi ya maswali mtakayopewa itakuwa imekwisha kuchapishwa. Ongezeni mstari mmoja kwa kalamu yenu, muandike jina la mtoto na kile alichouliza.

Aliye na nakala ya Kifaransa aseme hapa, kuna wenzetu wanaitafuta.